Kumleta mama Kanada kwa super viza: Muheza mpaka Edmonton, hatua kwa hatua

Tangu mama afike Edmonton mwezi wa tano mwaka juzi, kila Mbongo ninayekutana naye, msibani, harusini, mpaka pale kwenye duka la Wasomali napima mchele, ana swali moja tu: umefanyaje? Nimejibu mpaka nimechoka, asa naandika yote hapa kwa mpigo, ili ukinikuta dukani tusalimiane tu.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini maana watu wanachanganya. Mzazi anakuja Kanada kwa njia mbili. Kuna PGP, ile ya kumdhamini apate ukaazi wa kudumu kabisa, na kuna super viza. PGP ndo kila mtu anaitaka ila ile ni bahati nasibu, wamekuwa wanachomoa majina ya watu waliojiandikisha mwaka 2020, na hata mwaka 2025 walivyotuma mialiko 17,860 walichota kwenye kapu hilohilo la 2020. Kama hukujiandikisha kipindi kile, jina lako halimo, hamna cha kusubiri. Na ukiipata unasaini kwamba utamtunza mzazi miaka 20, halafu wanakagua kodi zako za miaka mitatu. Mi mwaka 2020 nilikuwa bado nalala sebuleni kwa watu, hiyo PGP ningeisikia wapi.

Super viza haina bahati nasibu. Mzazi, au bibi na babu, anakaa mpaka miaka 5 kwa mkupuo mmoja bila kulazimika kutoka, na viza yenyewe inaweza kwenda mpaka miaka 10, anaingia anatoka. Ubaya wake ni kwamba anahesabika mgeni, hana kadi ya afya ya serikali, haruhusiwi kufanya kazi. Kuna watu wanaidharau kwa sababu hiyo. Mimi kwa mzee wa miaka sabini na kitu mwenye shamba lake, kaburi la mume wake, na wenzake wa kuswali nao, naona hii ndo inamfaa, maana akichoka anarudi kwake hata mwezi ujao na hajapoteza kitu.

Na wewe unayemwalika lazima uwe raia au una PR (huo ukaazi wa kudumu), umri kuanzia 18, unaishi Kanada. Kama bado uko na kibali cha kazi au cha shule, funga hii kurasa, rudi ukishapata PR.

Kabla ya fomu yoyote, muulize mwenyewe

Nimeweka hii mbele makusudi kwa sababu mi sikufanya. Nilipiga simu nikasema "mama jiandae nakuleta Kanada", akasema "haya baba, alhamdulillah", nikajua tayari. Miezi miwili baadae dada yangu mkubwa ananiambia mama halali, anawaza machungwa yake nani ataangalia, mbuzi wanaenda kwa nani, na je akifia huko atazikwa wapi. Hilo la mwisho alishindwa kuniambia mimi akamwambia dada.

Kwa hiyo itisheni kikao, hata cha WhatsApp. Nani anakaa kwenye nyumba, hela ya machungwa anashika nani, na ikitokea amefariki huku mwili unarudi au unazikwa huku. Ongeeni wazi, ni mambo magumu ila yakisemwa mzee anapumua. Sisi tulikubaliana mdogo wangu anahamia nyumbani na anatuma picha ya shamba kila Jumapili. Na mama akapewa neno, tiketi ni ya kwenda na kurudi. Hapo ndo akaanza kulala.

Karatasi za nyumbani: majina, majina, majina

Kinachothibitisha kwamba yule ni mama yako ni cheti chako WEWE cha kuzaliwa chenye jina lake. Sasa kitoe ukisome leo, usisubiri. Cha kwangu cha RITA kina majina mawili ya mama, "Mwanahamisi" na jina la babu. Kitambulisho chake cha NIDA kina majina matatu na wameandika "Mwanakhamisi". Herufi moja tu hiyo, ila afisa anayesoma faili yuko ofisini huko, hajui kwamba Tanga huyo ni mtu mmoja. Tulienda kwa wakili tukaapa kiapo kwamba majina yote ni ya mtu yuleyule, tukakiambatanisha na barua fupi ya maelezo. Kama tofauti ni kubwa zaidi ya herufi, fanya deed poll kabisa (hati ya kisheria ya kubadilisha jina) na urekebishe kwenye mzizi.

Halafu pasi. Bila NIDA hamna pasi, na ada ni shilingi 150,000. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, wamezaliwa kijijini enzi za mkoloni tarehe ya kukisia, kwa hiyo hapo utazungushwa kidogo, anza mapema. Afu hakikisha jina la kwenye pasi ndo hilohilo utakaloandika kila mahali kuanzia hapo, kwenye bima, kwenye tiketi, kila kitu. Karatasi yoyote ya Kiswahili tafsiri kwa Kiingereza kwa mtu anayetambulika, usitafsiri mwenyewe hata kama Kiingereza chako kimenyooka.

Kipato chako

Wanatumia kiwango cha chini cha kipato kinaitwa LICO, na kinaenda na idadi ya watu. Unahesabu wewe, mwenza wako, watoto, jumlisha mzazi anayekuja, na kama kuna mtu mwingine ulishamdhamini na mkataba haujaisha naye anaingia. Hapa ndo watu wanakosea, wanasahau kumhesabu mama mwenyewe. Sisi ni wanne, na mama watano. Jedwali lililotoka Julai 2025 lilisema watu wanne ni dola 56,724 na watano ni 64,336, na linapanda kila mwaka kwa hiyo angalia la mwaka unaoomba. Mume na mke mnaweza kuunganisha mshahara, mwenza anasaini na yeye.

Ushahidi ni NOA ya mwaka wa karibuni (ile barua ya kodi yako toka CRA, mamlaka ya kodi ya huku), T4 (karatasi ya mshahara wa mwaka toka kwa mwajiri), barua ya kazi na hati za mshahara. Wale wenzangu wa kuendesha Uber na kupeleka chakula, wale ambao kwenye kodi mnaandika kidogo ili mlipe kidogo, hapa ndo inapowarudia. Ulichomwambia mtu wa kodi ndo kipato chako, hakuna kingine.

Barua ya mwaliko

Hii ukurasa mmoja unatosha. Jina la mama na tarehe yake ya kuzaliwa, yako, uhusiano, anakuja kukaa muda gani, utamlisha, utamlaza na utamhudumia kipindi chote, nyumbani mko wangapi na majina yao. Saini, tarehe, na kopi ya pasi yako ya Kanada au kadi ya PR. Usiandike mashairi ya jinsi unavyompenda mama.

Ila kwenye maombi weka na vitu vinavyoonyesha mama ana kwao. Afisa bado anatakiwa aamini kwamba ataondoka muda wake ukiisha. Tuliweka hati ya shamba, picha ya nyumba, barua ya serikali ya kijiji, na karatasi kwamba watoto wake wengine wanne wako Tanzania.

Bima, hapa tulia usome taratibu

Sharti ni bima ya afya ya angalau mwaka mmoja, inayolipa si chini ya dola 100,000, inagusa matibabu, kulazwa na kurudishwa kwao. Zamani ilikuwa lazima kampuni ya Kanada, toka Januari 2025 na za nje zinaruhusiwa ila ziwe zimeidhinishwa na msimamizi wa mabenki na bima wa huku. Lazima iwe imelipwa, yote au kwa awamu ukishaweka kianzio. Kotesheni haikubaliki, yaani ile karatasi ya bei tu usiitume.

Sasa sikia kilichonikuta. Mi nilichukua ya bei rahisi kuliko zote, ajenti akanijazia fomu kwenye simu ndani ya dakika kumi, "mama ana presha? sawa, anakunywa dawa? sawa, twende". Mama kafika. Mwezi wake wa pili huku, kizunguzungu usiku, tukakimbia emajensi, masaa manne, kipimo cha moyo, damu, wakamruhusu. Bili dola 1,300. Nikaipeleka bima, wakakataa. Kwa nini? Kwa sababu wiki sita kabla ya kusafiri daktari wake kule Tanga alimuongezea dozi ya presha kutoka miligramu 5 kwenda 10, na mkataba unasema ugonjwa aliokuja nao unalipwa kama tu ulikuwa umetulia siku 180. Dozi ikibadilika, wao wanasema haujatulia. Hata ikipunguzwa! Ipo ukurasa wa kumi na kitu, maandishi ya sisimizi.

Kwa hiyo fanya hivi. Miezi saba au nane kabla ya safari mpeleke mzee kwa daktari wake, presha, sukari, macho, kila kitu, abadilishiwe dawa zote za kubadilishwa WAKATI HUO. Baada ya hapo zisiguswe mpaka anapanda ndege, isipokuwa daktari akisema ni lazima, afya kwanza bima baadae. Muulize ajenti maswali matatu na ajibu kwa maandishi: magonjwa aliyonayo yanalipwa? lazima yawe yametulia siku ngapi? visa ikikataliwa hela inarudi yote? Na ukiona bei imeshuka sana angalia ile sehemu ya kwanza unayotoa mfukoni mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, wakati mwingine ni maelfu. Ya bei rahisi ilinigharimu kuliko ya bei ghali, na hiyo ni mara moja tu.

Kuomba, alama za vidole, vipimo

Maombi ni onlaini, na mzee anatakiwa awe nje ya Kanada. Unaweza kumjazia wewe, ila kuna fomu ya kusema nani amemsaidia, ijaze, usijifanye ni mama ndo alikuwa anatype. Ada ni dola 100, bayometriki 85. Ile barua ya kumwita kutoa bayometriki ikija mzee anaenda kituo cha VFS Dar kutoa alama za vidole na picha. Mwenye umri zaidi ya miaka 79 hatoi. Alama zikishachukuliwa zinadumu miaka 10.

Kitu kimoja cha kijinga ila kilitukuta: vidole vya mama vimelima miaka hamsini, mashine ikawa haisomi. Wakamwambia apumzike, wakampa tishu yenye maji, akajaribu tena, mara ya tatu ikakubali. Kama mzee wako ni mkulima mpakae mafuta mikono wiki nzima kabla, usicheke.

Vipimo vya afya vinafanywa na daktari aliye kwenye orodha yao tu, sio hospitali yoyote. Mtoe Muheza siku moja kabla, alale Dar kwa ndugu, asitoke kwenye basi la saa kumi usiku akaingizwa kwenye kipimo cha presha, itasoma juu tu.

Muda wa kusubiri sikutajii, unabadilika kila wiki, angalia kwenye tovuti ya IRCC, idara ya uhamiaji ya Kanada. Usinunue tiketi kabla.

Safari

Chagua njia yenye kubadilisha ndege mara chache na ISIPITE MAREKANI. Hata kama anapita tu uwanjani, Marekani wanataka viza ya kupita. Sisi tulimpitisha Amsterdam akashukia Calgary, mi nikaendesha masaa matatu kumfuata, kuliko angeshukia Toronto aanze kuchukua mabegi na kuyaingiza tena peke yake.

Omba kiti cha magurudumu unavyokata tiketi, ni bure, hata kama mzee anatembea vizuri. Mama alikataa, "mi kiwete?", nikamwambia mama lile ni gari la kukuonyesha njia, yule anayelisukuma anajua pa kupita. Alifika anacheka, kapelekwa mbele ya foleni zote.

Mkoba wa mkononi: pasi, bima iliyochapishwa, barua ya mwaliko, dawa kwenye vifungashio vyake na cheti cha daktari (usizidishe za siku 90), na karatasi moja ya Kiingereza yenye namba yako na adresi inayosema huyu ni mama yangu, anaongea Kiswahili. Afisa wa mpakani ndo anaandika mama anakaa mpaka lini. Kabla hamjatoka pale angalia tarehe, kama wameandika miezi sita tu kama mgeni wa kawaida rudi palepale kwa adabu waonyeshe ni super viza.

Chakula: dagaa na papa mkavu tulileta, tukatangaza kwenye fomu, wakaangalia, wakaruhusu. Nyama ya kukaushwa ya nyumbani usithubutu. Na chochote cha kula tangaza, faini inauma kuliko kunyang'anywa.

Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni

Wenzangu wengi wanaishia kwenye viza. Wanapiga picha airport, wanapost, wiki ya pili wamerudi kwenye shifti zao za masaa kumi na mbili na mzee kabaki ndani na rimoti asiyojua kuitumia. Hii ndo hatua yenyewe, zile za juu ni makaratasi.

Wiki ya tatu nilisahau kitambulisho cha kazi nikarudi nyumbani saa tatu asubuhi. Nikamkuta mama amekaa kwenye kiti cha jikoni, kanga kichwani, ameangalia dirishani, chai imepoa mbele yake. Akaniuliza, taratibu kabisa, "hivi baba, hawa majirani wako wapo hai?" Alikuwa amekaa siku kumi na nane hajaona mtu anapita anasalimia. Mwanamke ambaye Muheza hawezi kufika kisimani bila kusimama mara sita.

Tulichofanya baada ya hapo, na we fanya kabla hajafika:

Mlete mwezi wa tano, usimlete wa kumi na moja. Apate miezi ya jua ajue mtaa, ajue basi, ajue njia ya bustani, theluji ikija iwe inafunika kitu anachokijua. Tukampa kiraka nyuma ya nyumba akapanda mchicha na maboga, majani yakawa mengi mpaka tunagawa kwa Wakongo.

Mtafutie rika lake linaloongea Kiswahili, hata kama sio Kiswahili chenu. Rafiki wa kwanza wa mama huku ni mama mmoja wa Bukavu. Siku ya kwanza walikuwa wanasikilizana nusu nusu, mama anasema "Kiswahili chake kimepinda", yule naye anamwambia "wewe unaongea kama radio". Sasa hivi wanapigiana simu kuliko mimi na mke wangu. Kwa Waislamu Edmonton tuna bahati, msikiti wa Al Rashid ndo wa kwanza kujengwa Kanada, mwaka 1938, na wazee wapo wa kila kabila.

Simu ya nyumbani iwekee ratiba. Saa mbili asubuhi huku kiangazi, Muheza ni saa kumi na moja jioni, ndo wakati dada anatoka shamba, kwa hiyo chai ya mama ya asubuhi anainywa na dada kwenye video.

Jiko na kengele ya moshi mfundishe siku ya KWANZA. Mama alikaanga samaki kengele ikalia, akajua nyumba inaungua, akatoka nje na ndala na kanga mbili, hiyo ni Januari, nyuzi 18 chini ya sifuri, mlango ukajifunga nyuma yake. Dakika sita. Jirani yule ambaye hatujui kama yupo hai ndo alimvuta ndani akamfunika blanketi. Toka siku hiyo funguo anavaa shingoni kwa kamba, na kwenye friji kuna karatasi: 911, adresi yetu, namba yangu, ya mke wangu, ya mama wa Bukavu.

Viatu vya barafu nunua vyenye meno chini, usibane hela hapo. Koti la mtumba linatosha, viatu hapana.

Na sasa la mwisho ambalo mnajua nitalisema. Mama sio yaya. Najua deikea ni bei gani, na mi nilianguka humohumo, mwezi wake wa pili huku nikaanza kuchukua shifti za ziada za wikiendi kwa sababu "si mama yupo". Mtoto wa miaka miwili na mwanamke wa miaka sabini na tatu mwenye presha, siku sita kwa wiki. Kile kizunguzungu cha dola 1,300 mnadhani kilitoka wapi. Kama unamleta akusaidie wajukuu mwambie hivyo kabla hajapanda ndege, mkubaliane siku ngapi na masaa mangapi, na umpe hela yake mkononi ya kutuma nyumbani bila kuomba.

Akienda na kurudi

Mama aliondoka mwezi wa kumi na moja, kasema winta moja imemtosha kwa sasa, anakwenda kuangalia machungwa. Viza bado hai. Ila kila anapoingia tena lazima awe na bima hai siku hiyo ya kuingia, ile ya zamani ikiisha nunua nyingine kwanza, na ukimrudisha mapema kabla bima haijaisha na hujawahi kudai kitu, omba urudishiwe hela ya miezi iliyobaki, kampuni nyingi wanarudisha ila hawakumbushi. Dozi yake ya presha haijaguswa toka mwezi wa tisa, nimemwambia dada daktari akitaka kubadilisha anipigie kwanza nijue. Natafuta tiketi ya Mei, mwenye kuona ya bei nzuri isiyopita Marekani anishtue.